Asiyejua mali yake hupangiwa bei

Machi 2000, kitabu cha ndege cha John James Audubon, chenye picha 435, kiliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 8. Kilikuwa kamili, nakala nyingine nyingi zilikwisha kuchanwa, picha zikauzwa mojamoja.

Mkulima wa kahawa anajua kuwa sampuli huonjwa kabla ya mnada. Vitabu na ramani za kale nazo hukaguliwa: ukurasa ukikosekana, bei huporomoka.

Basi mwenye kitabu cha babu sandukuni asikimbilie kumwuzia mchuuzi anayepita. Akikinge na mchwa na unyevu, asichane picha, na aulize makumbusho kwanza. Kukipeleka nje huenda kukahitaji kibali. Asiyejua mali yake hupangiwa bei na mnunuzi.