Steringi Hafi, Koboko Ilikufa

"Ukitaka kumjua Idi Amin, tazama The Last King of Scotland." Ushauri huu vijana hupewa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, na siku hizi hata Arua, ambako wazee walioishi miaka ile wapo na wanaweza kuulizwa. Ni ushauri mbaya. Filamu ile ya mwaka 2006 imetengenezwa kwa ustadi, na Forest Whitaker aliistahili Oscar aliyopewa mwaka 2007. Lakini ni filamu ya kusisimua, na filamu za aina hiyo zina kanuni zinazoamua nani ahurumiwe, nani aogopwe, na hofu ikome lini.

Kanuni ya kwanza anaijua kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video: steringi hafi. Steringi wetu hapa ni Nicholas Garrigan, daktari kijana wa Scotland ambaye hakuwahi kuwapo duniani. Alibuniwa na Giles Foden katika riwaya ya mwaka 1998. Waganda wanakufa kwa maelfu, ila roho tunayoihofia ni ya mgeni huyu. Ili hatari imfikie, filamu inamfanya mpenzi wa Kay, mke wa Amin. Sasa tumwangalie Kay mwenyewe. Alikuwa Kay Adroa, Mlugbara, binti wa mchungaji. Alifariki kweli mwaka 1974 na mwili wake ukakutwa umekatwakatwa. Daktari aliyehusishwa naye alikuwa Mganda, naye akafa siku zilezile. Huo ulikuwa msiba wa Waganda wawili na koo zao. Kanuni ikauchukua, ikaufanya kitisho cha kumharakisha Mzungu kwenda uwanja wa ndege.

Na uwanja wa ndege ndipo penye kanuni ya pili: saa. Lazima muda uwe unakwisha. Entebbe ilifaa mno. Ndege ya Air France ilitekwa 27 Juni 1976, ikapelekwa huko na mateka wake, makomando wa Israeli wakavamia usiku wa kuamkia 4 Julai. Juma moja tu, na mwisho unaojulikana. Ndiyo maana kisa hicho kilipigwa filamu tatu kabla ya mwaka 1977 kwisha, kikarudiwa tena mwaka 2018. Askari wa Uganda waliouawa usiku ule, ambao mara nyingi hutajwa kuwa 45 hivi, wanaanguka gizani bila jina. Ndege inapaa, watazamaji wanashusha pumzi.

West Nile, eneo la Arua na Koboko alikotoka Amin, haikushusha pumzi. Amin alipong'olewa Kampala Aprili 1979, kila Mkakwa, Mlugbara na Mnubi alihesabiwa kuwa mtu wake. Oktoba 1980 wapiganaji wa jeshi lake la zamani walivuka mpaka na kuingia Koboko na Arua. Jeshi jipya, UNLA, lilipokuja kulipiza, lilichoma nyumba na kuua raia, na umati wa watu ukakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua watu waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu kabisa na mji wa Arua. Haya yote yalitokea baada ya pale filamu zinapowasha taa.

Simtetei Amin. Aliwaua hata watu wa huku. Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyekuwa Waziri wake wa Mambo ya Nje, aliondolewa madarakani mapema mwaka 1974, kisha maiti yake ikaokotwa mtoni Nile. Hilo peke yake lingetosha kuvunja hadithi kwamba West Nile nzima ilikuwa upande wa adui.

Watetezi husema mtazamaji hasisimki pasipo adui mmoja mwenye sura. Alfred Hitchcock, aliyeijua kazi hii kuliko wengi, alieleza vingine: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watu hushtuka sekunde chache, wakionyeshwa bomu mapema, huku walioketi mezani wakizungumza tu, roho hukaa juu robo saa nzima. Hajataja sura ya adui hata kidogo. Kwa kipimo hicho, Koboko ya mwaka 1980 ina kila kitu: familia inayopalilia shamba huku malori ya jeshi yakikaribia, mpaka ulio umbali wa kutembea, na bibi asiyeweza kutembea.

Wala wasiniambie fedha. Nabwana Isaac alitengeneza Who Killed Captain Alex? pale Wakaliga, mtaa wa maskini wa Kampala, kwa vifaa vya kuungaunga, na dunia ikaitazama. Tulichokosa ni utayari wa kumpa mtu wa West Nile nafasi nyingine tofauti na ya adui. Anayetafuta kisa amchukue Ondoga, au aende Ombaci wakati manusura wangali hai kusimulia. Na steringi wake, safari hii, afe kama walivyokufa wenzake.