Tumelitoza wigi kodi, nywele hatujazifundisha

Julai 1, 2019, Tanzania ilianza kutoza ushuru wa bidhaa kwenye mawigi na nywele bandia: asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, asilimia 25 kwa zinazoingizwa kutoka nje. Wapo waliopongeza wakisema wanawake sasa watarudi kwenye uzuri wao wa asili, na wapo waliolalamika kwamba serikali imepeleka mkono mahali pasipo pake. Haikuwa mara ya kwanza. Nusu karne kabla ya hapo, mwanzoni mwa 1969, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, uliendesha Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, ukipiga vita sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi kwa jina la utamaduni wa taifa. Marufuku ile ilipita, mawigi yakabaki. Ushuru nao umeingia hazina, na maduka ya Kariakoo bado yamejaa rasta za kila rangi. Hatua zote mbili zilishughulikia kinachovaliwa kichwani, wala hazikuuliza mwenye kichwa amefundishwa nini kuhusu nywele zinazoota hapo. Mwanamke asiyejua kuzitunza nywele zake za kipilipili atazifunika au atazitia dawa, umpigie marufuku au umtoze kodi. Tunachokiita ugumu wa nywele kwa sehemu kubwa ni upungufu wa elimu, na elimu hiyo tuna uwezo wa kuitoa.

Fikiria njia anayopitia binti katika shule nyingi za serikali. Anaingia darasa la kwanza akiwa amenyolewa, na hunyolewa tena kila nywele zinapoanza kushikika, mpaka anapomaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18. Kwa miaka 11 hivi kichwa chake kimezoea mkasi na mashine ya kunyolea, basi. Likizo ndefu ikifika, nywele za sentimita mbili tatu huvutwa zishike rasta, kisha hufumuliwa na kunyolewa shule zikifunguliwa. Baada ya mtihani wa mwisho ndipo anaziachia kwa mara ya kwanza, na miezi michache baadaye zinafika mahali ambapo kitana hakipiti. Hapo hana mwalimu. Anaambiwa ana nywele ngumu, na saluni ya mtaani ina jibu la haraka: dawa. Msusi naye si wa kulaumiwa sana, kwa kuwa kipato chake ni idadi ya vichwa anavyovimaliza kwa siku, na kichwa chenye dawa hakimchukulii muda kama kisicho nayo.

Ugumu huo una maelezo ya kimaumbile ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili angeyaelewa bila shida. Unywele wa kipilipili hutoka kwenye kishimo kilichopinda, kwa hiyo hujikunja tangu kwenye ngozi. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi kwenye nywele za singa, lakini kwenye unywele wenye mizunguko mingi hukwama karibu na shina, na ncha hubaki kavu. Kila unapopinda, unywele huo ni dhaifu, na hapo ndipo hukatikia. Hukua sentimita moja hivi kwa mwezi, mara nyingi pungufu kidogo, na ukikauka hujikunja hadi kuonekana nusu ya urefu wake au chini ya hapo. Ndiyo maana wengi wanaolalamika kwamba nywele zao hazikui wanakosea mahali pa kutazama: zinakua shinani, ila zinakatika nchani kwa kasi ileile.

Mtu akishayajua hayo, hata namna ya kushika kichwa hubadilika. Mtazame msusi hodari akikishughulikia kichwa kilichotoka kufumuliwa rasta. Hachukui kitana cha meno membamba na kukiburuta kutoka kwenye ngozi nywele zikiwa kavu. Anazigawa mafungu manne, anayabana matatu, na lile lililobaki analilowesha kwa maji na kondishena. Anachambua kwanza kwa vidole, akitoa mafundo na nywele zilizong'oka zenyewe zikabaki zimenaswa ndani ya msuko. Kisha anapitisha chanuo kuanzia nchani, akipanda kidogo kidogo kuelekea shinani, huku mkono wa pili umelishika fungu katikati ili ngozi isivutwe. Fungu likiisha analisokota lisijifunge tena, ndipo anahamia jingine. Shampuu anaisugulia kwenye ngozi, kwenye uchafu, na ncha anaziachia povu linaloteremka. Mwishoni anapaka mafuta nywele zikiwa bado na unyevu, kwa sababu kinachozilainisha ni maji, na kazi ya mafuta ni kuyazuia yasikauke upesi. Hatua hizo hazitaki kipaji. Zinataka mtu wa kukuonesha mara mbili tatu, na subira ya Jumamosi moja.

Njia ya mkato tunayoichukua badala yake ina gharama zake. Dawa nyingi za kunyoosha nywele zina sodiamu hidroksaidi, yaani kostiki ileile inayotengenezea sabuni, na nyingine zina kemikali za jamii hiyohiyo ya alkali. Huvunja viungo vinavyoupa unywele umbo lake, na sehemu iliyovunjwa hairudi tena. Kila anayekwenda saluni anajua habari za dawa iliyounguza ngozi kwa sababu ilikaa muda mrefu au mteja alikuna kichwa kabla. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya na mazingira walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikadiriwa kuwa na uwezekano wa asilimia 4.05 wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Wasiozitumia kabisa, asilimia 1.64. Utafiti wa namna hiyo unaonesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na ugonjwa wenyewe si wa kawaida sana. Hata hivyo ni taarifa ambayo mtu mzima anastahili kuipata kabla ya kuinamisha kichwa kwenye sinki.

Atatokea wa kusema: basi rasta na wigi ndiyo suluhisho, maana hazina kemikali. Ni kweli kwamba msuko mzuri huzilinda nywele zisiguswe kila siku. Tatizo ni msuko unaovuta. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliochunguza vichwa vya watu wazima Afrika Kusini, walikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu amepoteza nywele kwa sababu ya kuvutwa. Dalili huanza pembeni: vipele vidogo kwenye paji la uso siku ya pili baada ya kusuka, kisha nywele za mbele na za juu ya masikio zinarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Zikivutwa kwa muda mrefu, mashina hufa na kipara hicho hakitibiki. Hatari ni kubwa zaidi rasta zikifungwa kwenye nywele zilizotiwa dawa. Wengi tumelelewa kuamini kwamba msuko usiouma haukukazwa vizuri, na imani hiyo peke yake imeharibu mapaji mengi.

Walimu wana hoja yao, nayo si ya kupuuza. Nywele fupi huokoa muda, huzuia chawa na mapunye, na huficha tofauti ya mtoto wa mwenye nacho na wa asiye nacho. Katika bweni lenye mabinti 400 na maji ya foleni, hoja hiyo ina uzito. Lakini mapunye ni fangasi anayeingia ndani ya unywele. Hutibiwa kwa dawa za kumeza, na mashine ya kunyolea inayopita kichwa hadi kichwa bila kusafishwa ni mojawapo ya njia za kumweneza. Kuhusu tofauti za kipato, dawa yake ni kanuni inayosema msuko gani unaruhusiwa. Msuko wa twende kilioni uliosukwa kwa nywele za mtoto mwenyewe haugharimu zaidi ya mikono ya jirani. Zipo shule za sekondari Kenya, na shule binafsi hapahapa nchini, ambako wasichana husuka mistari ya kawaida na masomo yanaendelea. Anayedai nywele hupunguza akili darasani atuletee ushahidi.

Wengine hulalamikia gharama: nywele za asili ni anasa ya wenye fedha za kununua vikopo kutoka nje. Soko limetuaminisha hivyo, na kila kikopo kimekuja na jina jipya. Ukiondoa matangazo, mahitaji ni maji, shampuu, kondishena ya kawaida, chanuo la meno mapana, mafuta, na kitambaa laini cha kulalia kwa kuwa foronya ya pamba hunyonya unyevu na kuzikwaruza nywele. Kwenye mafuta, pwani yetu haikuwahi kupungukiwa. Watafiti wa India walionesha mwaka 2003 kwamba mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakuweza. Walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, na ni vizuri msomaji alijue hilo. Lakini bibi zetu wa Tanga na Unguja waliyapaka bila kulipwa na kampuni yoyote.

Hoja nzito kuliko zote ni ya uhuru. Mwanamke mzima ana haki ya kutia dawa, kuvaa wigi, kufuga rasta za kusokota au kunyoa kipara, na hadaiwi maelezo na mhubiri, mbunge wala mwandishi wa safu. Nakubaliana nayo yote. Wanaoziimba nywele za asili kama kipimo cha uzalendo wanarudia kosa la 1969, kumfanya mwanamke kuwa bango la taifa. Lakini uhuru wa kuchagua unataka njia zaidi ya moja zilizo wazi. Aliyenyolewa miaka 11, akapewa nywele asizozijua, kisha akaoneshwa mlango mmoja wa saluni, hakuchagua; alifuata njia iliyokuwepo.

Kwa hiyo yafanyike mambo matatu. Wizara ya Elimu iruhusu nywele fupi zilizochanwa au misuko ya mistari isiyo na rasta, kwa kipimo kinachoeleweka, na ukaguzi wa usafi ubaki palepale. Somo la sayansi au stadi za maisha litenge vipindi viwili kwa mwaka vya nywele na ngozi ya kichwa, kwa wavulana pia, kwa sababu watakuja kuwa baba wa mabinti na pengine wasusi. Tatu, mamlaka ya ufundi stadi, VETA, na vyuo vinavyofundisha ususi vimpe kila mtahiniwa kichwa cha nywele zisizo na dawa akioshe, akichambue na kukisuka bila kuvuta, naye asipate cheti akishindwa. Sehemu ndogo ya ushuru wa mawigi ingetosha kuanzishia kazi hiyo. Binti akihitimu akiwa na ujuzi huo mikononi, kisha akaamua kwa hiari yake kununua wigi, atakuwa amechagua kweli, na hapo sisi wengine tutakuwa hatuna la kumwambia.