Ufundi huu wafaa boma, si mapafu

Vita dhidi ya uvutaji wa sigara shuleni vimeingia awamu ambayo walimu wengi hawakuandaliwa walipokuwa vyuoni. Zamani mwalimu wa zamu alinusa moshi nyuma ya vyoo, akaokota kishungi, akaandika jina la mkosaji na kesi ikaisha. Siku hizi anaweza kupekua sanduku la mwanafunzi wa bweni akakuta kijisanduku cha plastiki chenye betri mbili, kibao cha saketi kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, skrubu ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, na waya uliosokotwa kama springi. Asiyejua atadhani ni mradi wa sayansi. Na kwa hakika, ukiondoa kile kiowevu kinachodondoshewa waya, ni mradi wa sayansi. Hapo ndipo penye ugumu wa suala hili.

Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa na mwanafamasia wa Uchina, Hon Lik, mwaka 2003. Kanuni yake ni nyepesi. Betri hupeleka umeme katika waya wenye ukinzani, waya hupata moto, kiowevu chenye nikotini hugeuka mvuke, na mvutaji huuvuta. Vifaa vya mwanzo vilikuwa dhaifu na nguvu yake haikubadilishwa. Haukupita muda mrefu kabla ya wapenda ufundi wa Ulaya na Marekani kuanza kujiundia vyao. Walichukua vidhibiti volti vilivyotengenezwa kwa shughuli nyingine kabisa, wakavifungia ndani ya visanduku, na mvutaji akapata uwezo wa kupandisha na kushusha umeme apendavyo.

Kijana wa Kitengela hana haja ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Luthuli Avenue, Nairobi, ambako mafundi wa redio na runinga wamenunua vipuri kwa miaka mingi, ni safari ya matatu moja tu. Huko kuna kidhibiti kinachojulikana kwa nambari LM2596, ambacho hupokea umeme wa volti nyingi na kuushusha hadi kiwango unachokitaka, kuanzia volti 1.23, kwa mkondo usiozidi ampea 3. Wanafunzi wa uhandisi hukitumia kila siku katika kazi zao halali. Seli za betri nazo hutolewa ndani ya tarakilishi za kupakata zilizokufa. Zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na ndiyo sababu mafundi huziita 18650. Hakuna afisa wa forodha atakayezuia vitu hivyo, wala hakuna haja ya kuvizuia.

Tuwageukie wanafunzi, maana baadhi yao huamini kwamba kifaa cha kujiundia ni salama kwa kuwa mtumiaji ndiye anayekiamuru. Athari ya joto ya mkondo wa umeme ni mada ambayo mtaala wa 8-4-4 uliiweka katika Kidato cha Tatu, na hesabu yake haina siri: nguvu ni volti zikizidishwa kwa zenyewe, kisha kugawanywa kwa ukinzani. Waya wenye ukinzani wa omu 2 ukipewa volti 3.3 hutoa wati 5.4 hivi. Upe volti 5, utatoa wati 12.5. Volti zimeongezeka kwa nusu tu, lakini joto limezidi maradufu. Anayezungusha ile skrubu kidogo kidogo hadhani amefanya jambo kubwa, ilhali anachokivuta si kile alichokuwa akikivuta dakika moja iliyopita.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Mnamo Januari 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Portland State, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima mvuke wa kifaa cha aina hiyohiyo, chenye volti za kubadilishwa. Kwa volti 3.3 hawakuona dalili yoyote ya kemikali iitwayo formaldehaidi. Kwa volti 5 waliiona, tena nyingi. Wapo wanasayansi waliopinga, wakasema mvuke wa moto wa kiasi hicho huwa mchungu mno hata mvutaji mwenyewe angeutema. Huenda ni kweli kwa mvutaji mzoefu. Lakini mvulana wa miaka 15 anayeshindana na wenzake bwenini kuona nani atatoa wingu kubwa zaidi hatafuti ladha. Walimu wa bayolojia wanaijua formaldehaidi vyema, kwani ndiyo iliyomo katika formalini, ile dawa ya kuhifadhia vyura na panya ndani ya chupa za maabara.

Isitoshe, iko betri. Seli ya 18650 iliyojaa hufikia volti 4.2. Ikiunganishwa na mwenzake kwa mfuatano zinakuwa volti 8.4, na kidhibiti huzishusha. Wengi hudhani kwamba kidhibiti kikishakuwapo basi usalama umo. La hasha. Kibao kile cha bei nafuu hakijui joto la seli, hakijui kwamba moja kati ya hizo mbili imechakaa kuliko mwenzake, wala hakijui kwamba ganda lake lilichubuka ilipokuwa ikichokolewa kwa kisu kutoka katika tarakilishi ya zamani. Seli ya lithiamu ikishaanza kujichemsha yenyewe ndani kwa ndani haizimwi kwa kubonyeza swichi. Mei 2018 mtu mmoja aliuawa na kifaa cha namna hii jimboni Florida, na Januari 2019 kijana wa miaka 24 akafa jimboni Texas baada ya kipande cha chuma kumkata mshipa wa shingo. Ikiwa mambo hayo yalitokea katika nchi yenye maduka maalumu na wakaguzi, tufikirie kijisanduku kilicholehemiwa usiku wa manane chini ya blanketi, katika bweni la vitanda vya ghorofa na magodoro ya sponji. Kenya imezika watoto wengi mno waliofia katika mabweni yaliyoshika moto. Wahenga walisema mtoto akililia wembe apewe. Walikuwa wakizungumzia wembe, ambao humkata mmoja na kumfunza.

Serikali imefanya nini? Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia sigara mtu asiyefikisha miaka 18, nayo iliandikwa wakati ambapo wabunge walikuwa na taswira ya pakiti na kiberiti. Mwaka 2015 Uganda ilipitisha sheria iliyopiga marufuku sigara za kielektroniki. Mwaka huohuo Kenya nayo ilizikumbuka, ila kwa njia yake: Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ilitoza Sh3,000 kwa kila kifaa. Mtoza ushuru alikitambua kitu hiki mapema kuliko mlinzi wa afya. Mswada wa kurekebisha sheria ya 2007 ulifikishwa katika Seneti mwaka 2024 na Seneta Catherine Mumma ili bidhaa hizi nazo ziwekewe masharti. Tunauunga mkono. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba utamfikia fundi wa bwenini. Yeye hatozwi ushuru kwa kuwa hakununua sigara, bali alinunua waya, betri na kidhibiti, na hakuna Bunge linaloweza kuharamisha vitu hivyo bila kufunga karakana zote za nchi. Kitu pekee ambacho sheria inaweza kukishika katika mkono wake ni kile kiowevu cha nikotini, na hapo ndipo inapopaswa kukaza kamba.

Sasa turejee kwa mwalimu aliyeshika kile kijisanduku mkononi. Kaunti ya Kajiado inamwekea mfano mbele ya macho yake, wala hahitaji kuutafuta vitabuni.

Kandokando ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, upande wa kusini usio na ua, ndiko wanyama wanakovuka kwenda nyanda za Kitengela na kurudi. Simba huwafuata. Huko aliishi mvulana wa Kimaasai, Richard Turere, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa babake. Simba walipokuwa wakivamia boma usiku alijaribu kuwasha moto, akaona kwamba moto unawasaidia simba kuona vizuri ndani. Akasimamisha sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza simba wakarudi nyuma, usiku wa pili wakatambua kwamba kitu kile hakisogei, wakaruka na kuua. Ndipo usiku mmoja alipozunguka boma na kurunzi akagundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akiwa na umri wa miaka 11 alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kidude kinachofanya indiketa ya pikipiki kumweka, swichi, na balbu za kurunzi zilizovunjika. Aliziunganisha zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kuzunguka boma, kana kwamba kuna mtu macho anayetembea humo. Simba wakaacha kuja. Majirani wakamwomba awatengenezee zao. Mwaka 2013 alisimama kusimulia jambo hilo katika kongamano la TED, California, na wakati huo alikuwa amepata ufadhili wa kusoma katika shule ya Brookhouse. Ufundi huo hakuupata darasani. Aliupata kwa kubomoa redio mpya ya mamake, kosa ambalo (mzazi yeyote ataelewa) lilimletea ghadhabu kubwa nyumbani.

Tazama basi vifaa vyake. Betri, kidude cha kuutawala umeme, swichi, waya. Ni ukoo uleule wa vitu vilivyomo katika kijisanduku cha bwenini. Akili inayohitajika ni ileile pia, na pengine mikono ya yule wa bwenini ina ustadi zaidi kwa sababu anapima omu na kukokotoa wati. Tofauti ni kwamba Turere alikuwa na simba. Alikuwa na tatizo la kweli lililomngoja kila jioni jua linapotua. Mwanafunzi wetu wa fizikia hupewa kanuni ya Ohm ubaoni, huinakili, huifanyia mtihani, na hakuna mtu anayemkabidhi tatizo linalostahili ustadi wake. Basi hujitafutia mwenyewe, na soko la nikotini lilikwisha kumtangulia.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba adhabu ya nikotini na hukumu ya ufundi zitenganishwe. Kiowevu kichukuliwe, mzazi aitwe, na mwanafunzi aelezwe bila kung'ata maneno kwamba nikotini huifunga akili changa upesi kuliko ya mtu mzima, tena kwamba ikimwagika kwenye ngozi au kumezwa ni sumu. Hapo pasiwe na huruma ya kijinga. Lakini kumfukuza nyumbani kwa majuma mawili fundi wa aina hiyo ni kumpeleka pale ambapo ana nafasi zaidi na asimamiwe na nani. Mwalimu wa fizikia amkalishe maabarani na bisibisi yake. Kidhibiti kilekile kinachoshusha volti 12 za betri ya sola hadi volti 5 huchaji simu, na ziko boma nyingi kati ya Isinya na Namanga ambazo mtu huenda sokoni na simu mkononi kwa sababu ya kuichaji tu. Huo ni mradi unaoweza kupelekwa katika maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule, na jopo la waamuzi likausikiliza.

Wizara ya Elimu nayo ina wajibu wake. Mtaala mpya umetenga mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika shule za upili za juu, jambo jema, ila mkondo huo hautakuwa na maana Kajiado ikiwa maabara itakuwa na voltimita moja kwa wanafunzi hamsini. Aidha, usalama wa betri za lithiamu ufundishwe kabla ya Ohm, kwani betri hizo zimo katika simu, kurunzi na pikipiki za umeme zinazoingia barabarani. Wakuu wa shule za bweni wanaweza kuanza bila kungoja waraka wowote: ndoo ya chuma yenye mchanga, iwekwe nje ya kila bweni, na kila seli iliyovimba au kuchubuka iletwe hapo bila mletaji kuulizwa aliitoa wapi.