Mafua, Kikohozi, na Habari ya Kimeo

Baridi ya kipupwe imekwisha kutufikia huku nyanda za juu, na ofisini kwangu nasikia chafya kuliko maneno. Juzi mzee mmoja alikuja kuuliza cheti cha ubatizo cha mjukuu wake, akapiga chafya mara saba kabla ya kulimaliza jina la mtoto. Akasema, "Karani, tangawizi nimekunywa siku tatu, na bado." Basi nikaona juma hili tuzungumze habari ya mafua, kikohozi na koo linalouma, na dawa tunazozipata jikoni mwetu.

Kwanza tujue adui mwenyewe. Mafua huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hakuna dawa ya jikoni wala ya dukani inayoviua virusi vya mafua ya kawaida. Mwili wenyewe ndio huvishinda, na kazi hiyo kwa kawaida huchukua siku saba hadi kumi, ingawa kikohozi chaweza kubaki nyuma siku kadhaa zaidi. Lishikeni sana jambo hili, maana ugonjwa unaoisha wenyewe humpa sifa kila aliyekuwa karibu nao. Aliyekunywa tangawizi atasema ni tangawizi. Aliyenunua vidonge vya rangi mbili dukani atasema ni vidonge, ingawa dawa hizo huua bakteria, na virusi haziviwezi kabisa. Na aliyemkata mtoto kimeo atasema ni wembe wake. Kumbe wote wamengoja siku zile zile kumi.

Kwa hiyo mimi, ninapoambiwa dawa ya mafua, siulizi tena kama fulani alipona. Nauliza mambo mawili tu: Je, yampunguzia mgonjwa taabu? Je, yaweza kumdhuru?

Tuanze na zile njema. Koo linapouma, chukua bilauri ya maji ya vuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga. Piga funda moja, inua kichwa nyuma, acha maji yachezecheze kooni kwa muda kidogo, kisha tema. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku. Ni dawa ya senti chache, nayo hutuliza kweli. Mtoto mdogo asiyejua kutema asipewe, atayameza.

Chai ya tangawizi ni nzuri kwa sababu ni ya moto na hulegeza koo na pua. Mgonjwa wa mafua ahitaji kunywa sana: chai, uji mwepesi, supu, maji. Ndimu na asali katika maji ya vuguvugu ni hivyo hivyo. Asali ina sifa yake ya pekee: waganga wameijaribu kwa watoto wenye kikohozi cha usiku, wakaona kijiko kimoja kabla ya kulala huwapa nafuu. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa kijitabu mwaka 2001 juu ya dawa za kikohozi kwa watoto wadogo, likasema vinywaji vya namna hii vya nyumbani, vitulizavyo koo, vyafaa. Lakini sikilizeni vema, akina mama: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo. Asali yaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumboni mwa mtoto mchanga hufanya sumu ya kulegeza viungo, hata pumzi. Dawa ya mtoto mchanga ni titi la mama, mara kwa mara, na kumfuta pua kwa kitambaa laini kilicholowa kabla ya kunyonya, ili aweze kupumua anaponyonya.

Na kujifukiza? Mnakumbuka mwaka 2020 na 2021, wakati wa Korona, jinsi nchi nzima ilivyokaa chini ya blanketi na chungu cha majani ya mkaratusi na mchaichai. Mvuke hulegeza pua iliyoziba, na mtu mzima hujisikia nafuu kwa muda. Virusi hauviui. Hatari yake ni yale maji yenyewe. Sufuria ikipinduka chini ya blanketi, mtu hana pa kukimbilia, na mtoto huungua vibaya kuliko sote. Kwa hiyo watoto wasifukizwe.

Mafuta ya taa, ambayo wengine humpa mtoto matone kwa ajili ya kikohozi, ni sumu. Yakipotea njia yakaingia mapafuni huleta nimonia. Aspirini pia asipewe mtoto. Homa ikiwa kali, parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake yatosha. Na moshi! Twamweka mtoto mwenye mafua karibu na mafiga ili apate joto, naye avuta moshi usiku kucha. Afadhali blanketi la pili.

Sasa nije kwenye habari ya kimeo, na hapa nitajisema mwenyewe. Miaka miwili iliyopita mtoto wetu wa pili, aliyekuwa hajatimiza miaka mitatu, alikohoa usiku sita mfululizo hata akawa anatapika. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Akamfungua mtoto kinywa kwa mwanga wa tochi, akaniita, "Baba, njoo uone. Kimeo kimeshuka. Huyu hatapona asipokatwa." Nikatazama, na kweli kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kilikuwa chekundu na kimevimba. Akanitajia mzee wa kijiji cha pili, fundi wa kazi hiyo.

Mimi nimesoma chuo cha ualimu, na somo la mwili wa binadamu nilifundishwa. Lakini nawaambieni kweli, usiku ule elimu yote ilinitoka. Mtoto akikohoa mbele yako saa nane za usiku, utakubali neno lolote. Nikasema, "Sawa, mama, kukicha tutakwenda." Ni mke wangu aliyesema tupitie zahanati kwanza, kwa kuwa iko njiani.

Pale zahanati muuguzi hakushughulika sana na kimeo. Alimfunua mtoto kifua, akatazama saa yake dakika nzima, akahesabu pumzi. Thelathini na mbili. Akamsikiliza mgongo, akasema ni mafua, mapafu ni safi. Ndipo akamgeukia mama mkwe kwa heshima, akamweleza kwamba kimeo huvimba kwa sababu koo lote limevimba, kama vile macho yanavyokuwa mekundu mtu akilia. Kukikata hakuondoi kikohozi, bali kunafungua kidonda kinywani mwa mtoto. Siku ya kumi mtoto alikuwa anacheza uani. Kama tungalikwenda kwa yule mzee, leo ningekuwa shahidi wake.

Madhara ya wembe ule yajulikana: damu isiyokoma, pepopunda, kidonda kuoza, na wembe mmoja kupeleka virusi vya Ukimwi kutoka mtoto hadi mtoto. Mimi ndimi niandikaye kitabu cha marehemu cha parokia yetu. Nimepata kuandika humo jina la mtoto aliyekatwa kimeo Jumanne akazikwa Alhamisi. Wazazi wake walimpenda kama mimi nilivyompenda wangu. Walikosa tu mtu wa kuwaambia wapitie zahanati.

Basi jifunzeni kuhesabu pumzi kama yule muuguzi. Mtoto awe ametulia, hanyonyi wala halii. Tazama kifua kinavyopanda, hesabu dakika moja kamili kwa saa au kwa simu. Mwenye umri chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi mwaka akifikisha 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hayo si mafua tena ya kutibiwa kwa chai. Huenda ni nimonia, na apelekwe siku ile ile. Vivyo hivyo kama kifua chabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunywa wala kunyonya, au ameshikwa na degedege, au amelegea hazinduki vizuri. Hapo msingoje mapambazuko mkiweza kupata usafiri.

Mtoto wa shule mwenye koo linalouma sana na homa, bila mafua wala kikohozi, naye aonwe na tabibu. Huenda ni bakteria, na hapo ndipo dawa kama penisilini zina kazi yake. Koo la namna hiyo likiachwa laweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu milango ya moyo, na mtu akaishi na ugonjwa huo maisha yake yote.

Kwa watu wazima, homa kali ya mafua yaweza kuwazidi wazee na akina mama wajawazito. Wakianza kuhema kwa shida wasikae nyumbani. Na yule mzee wa chafya saba, nilimwuliza kikohozi chake kina muda gani. Akasema, "Tangu Pasaka." Nikamwambia, mzee wangu, hicho si cha tangawizi. Kikohozi kikifika majuma mawili, mtu apeleke makohozi yake yapimwe kifua kikuu. Katika zahanati na hospitali za serikali kipimo hicho na dawa zake hutolewa bure, hata asiye na kitu aende.