Mali Bila Daftari

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twaielekeza methali hiyo kwa wananchi wa Masasi na Newala, maana mali inayopotea mbele ya macho yetu ni historia ya madini ya sehemu hizi.

Ni vijana wachache wajuao kwamba enzi ya Wajerumani palikuwapo huku kusini mgodi wa vito vyekundu vya ganeti, ambao wakoloni waliuita Luisenfelde. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Leipzig, alipita Masasi na Newala akikusanya zana na kunasa nyimbo za watu wetu, akaenda nazo kwao. Katika miaka hiyo hiyo Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya kutafuta madini ya Lindi, aliiona mifupa mikubwa ya Tendaguru. Toka 1909 hadi 1913 mamia ya wananchi waliichimba na kuibeba mpaka bandari ya Lindi. Mjusi yule, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, yumo Berlin hata leo. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina la msimamizi wa kazi ile, Boheti bin Amrani. Tujiulize: ni mwanafunzi gani wa Masasi au Newala alijuaye jina hilo?

Wako watakaosema kwamba historia haishibishi, na kwamba wananchi wa Uwanda wa Makonde wanahitaji maji kwanza. Maji hayana mjadala. Lakini kuandika maneno ya wazee hakuzuii bomba kupita. Kazi hii yataka daftari, kinasa sauti, chumba kimoja cha shule na watu wenye moyo.

Tena haja ni ya sasa. Jirani zetu wa Ruangwa wana madini ya kinywe, na watafutaji wa madini hawajakoma kuizunguka mikoa ya kusini. Kijiji kisichojua mashimo yake ya zamani, na masharti waliyopewa babu zake, kitaingia katika mazungumzo na kampuni kikiwa mikono mitupu. Sheria nayo haitatusaidia tukilala. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na vyombo vya kabla ya 1863; majengo ya baadaye husubiri tamko la Waziri. Naye Waziri hawezi kutangaza asichoarifiwa.

Kwa hiyo twapendekeza wananchi wa wilaya hizi mbili waunde chama chao cha historia. Walimu na wanafunzi wawahoji wazee kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, kisha waandike kwa Kiswahili. Mahali pa migodi ya kale pachorwe katika ramani. Halmashauri nazo, zinapokubaliana na kampuni za madini juu ya mpango wa wajibu kwa jamii, kama ilivyoagizwa na sheria tangu 2017, zidai fungu la kazi hii. Na kitakachoandikwa kisifungiwe kabatini, bali kisomwe shuleni na katika mikutano ya vijiji.

Wazee hawangoji bajeti ya mwaka ujao. Kila tunayemzika kabla ya kumwuliza, twamzika na daftari lake.