Sungura hawafanane: tuandike tabia yao mu daftari



Katika vijiji vingi vya Kivu sungura halale inje. Wezi, mbwa na baridi ya usiku vimetufundisha kumuingiza ndani: mu jikoni, chini ya kitanda, ao mu klapie ya mianzi iliyoegemezwa ku ukuta wa chumba cha watoto. Maagronomu wanatushauri tujenge klapie inje, na nitarudia jambo hilo. Lakini kuishi na sungura ndani ya nyumba kumewapa wengi wetu ujuzi ambao hauandikwe mu daftari ya kooperative: tunajua kama kila sungura iko na tabia yake. Ujuzi huo tunautupa bure, na wenye kulipa hasara ni watu maskini zaidi kati yetu.

Uliza mutoto anayewakatia majani. Atakuambia: huyu wa kijivu ni wa kwanza kuja akisikia mulango, anasimama ku miguu miwili na kunusa mukono. Ule mweupe anangoja watu wote watoke, njo akule. Mwengine anapiga chini kwa miguu ya nyuma kila paka anapopita usiku, mpaka nyumba yote inaamuka. Kuna mwenye kupenda mali yake: ukiweka sahani mupya mu kona yake anakuja kuisugua kwa kidevu, sababu chini ya kidevu anatoa harufu ya kuonyesha kama kitu ni chake. Kuna hata mwenye usafi, anachagua kona moja tu ya kukojolea. Mama wa akili anatandika majani makavu pale pale, na asubuhi anabeba mbolea ku bustani.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaoishi na sungura mu nyumba sawa vile sisi tunaishi na paka, bila kumula. Mwaka 1988, mu jimbo la California, walianzisha hata shirika kwa ajili ya sungura wa nyumbani, House Rabbit Society. Sisi hatufuge kwa kujifurahisha. Kwetu sungura ni feza ya shule, ni sabuni, ni supu ya mugonjwa. Lakini jambo moja tunaliona sawa nao: mwenye kulala chumba kimoja na nyama anaijua.

Sasa tuangalie namna tunagawa sungura. Kooperative nyingi zinatoa mukopo wa nyama: jamaa inapokea sungura muke, kisha inarudisha watoto ili jamaa ingine ipate. Siku ya kugawa tunaangalia kilo, macho, masikio na makucha. Ni vizuri. Kisha tunachukua sungura muke mwenye kuogopa sana na kumupa mujane mwenye watoto sita mu chumba kimoja, pembeni ya njia ya motari. Sungura anazaa, anashituka, anaruka mu sanduku la kuzalia, anakanyaga watoto wake ao anawakula. Mara ya pili vile vile. Mu mukutano tunaandika: "Mama huyu hakurudisha." Jina lake linatoka ku liste. Hakuna mutu anauliza sungura alikuwa wa namna gani.

Mimi nasema hiyo si haki. Ni kweli, kukosa maji wakati wa kuzaa kunaweza kuleta hasara ile ile, na mwenye kuzaa mara ya kwanza anakosea mara nyingi. Lakini sungura muoga alipashwa kwenda ku nyumba ya kimya, na mutulivu ku nyumba ya watoto wengi. Kuwabadilisha hakuombe hata franka moja.

Tuandike nini? Mambo matatu yanatosha. Kwanza: wakati wa kula, anakuja ao anajificha? Pili: ukimushika vizuri, mukono mumoja chini ya kifua na mwengine chini ya matako (kamwe si kwa masikio), anatulia ao anapiga na kuuma? Tatu: kisha kuzaa, ku siku ya 31 hivi, alingoa manyoya yake na kufunika watoto, ao aliwaacha wazi? Hapa muwe waangalifu. Sungura ananyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache. Ukimuona anakaa mbali na watoto, usimuandike mama mubaya. Angalia tumbo za watoto: kama zimejaa, kazi yake ameifanya.

Na mwenye kuuma mbele ya dume asiitwe mukali haraka. Sungura muke anakinga mahali pake. Umupeleke yeye kwa dume, usilete dume kwake.

Wengine watasema: "Tabia haiuzwe ku soko, sisi tunataka kilo." Lakini sungura wa wastani anayelea watoto wake wote anakuletea kilo mingi kuliko mukubwa anayewakanyaga. Tena sungura anaficha ugonjwa. Kama ule wa kwanza kuja leo hakuje, ao mupole anasaga meno kwa nguvu na kujikunja, ni alama ya maumivu. Sungura aliyepitisha siku nzima bila kula iko mu hatari. Asiyejua tabia yake ya kila siku atajua siku ya kumuzika.

Na tabia inaweza kusaidiwa. Watafiti wa Hungaria walionyesha kama watoto wa sungura walioshikwa mu juma la kwanza, karibu na saa ya kunyonya, wanakomaa bila kuogopa sana watu. Hiyo kazi watoto wetu wanaiweza, mikono ikiwa safi, bila kuhangaisha mama.

Turudie klapie ya inje. Moshi wa mbabula na harufu kali ya mikojo vinaharibu mapafu ya sungura, na yetu pia. Njo maana mwenye uwezo wa kujenga inje, mahali palipofungwa vizuri, ajenge. Lakini asiwaache kule sawa mawe. Kila mangaribi akae nao dakika kumi, aangalie nani anakuja na nani hakuje.

Ombi langu kwa makomite: mbele ya kugawa tena, muongeze mustari mumoja mu daftari, "tabia", na mukabizi kazi ya kuujaza wale wanaokata majani, wamama na watoto. Na kama kuna mama aliyetolewa ku liste, mumuite kwanza asimulie namna sungura wake alikuwa. Kisha mumupe mwengine, mutulivu.