Unapobonyeza "Ruhusu", Unatoa Pia Taarifa za Jirani

Mkazi wa Dar es Salaam anaamka alfajiri na kununua umeme wa LUKU kwa simu. Saa moja asubuhi anaita bodaboda kwa kutumia programu tumizi, nayo inatunza kumbukumbu ya alikotoka na alikokwenda. Kwenye lango la ofisi anayoitembelea anaandika jina, namba ya simu na saa ya kuingia katika daftari la wageni, chini ya majina ya waliomtangulia. Mchana analipia dawa kwa simu, na jioni anamtumia mama yake fedha kijijini. Anapolala usiku hajamsimulia mtu yeyote habari zake, lakini siku yake nzima imekwisha kuandikwa.

Kila taarifa miongoni mwa hizo, ikitazamwa peke yake, ni ndogo na haina madhara. Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Zikikusanywa na kuunganishwa, taarifa hizo huonesha mtu anaishi wapi, anaugua nini, anapata kiasi gani, nani anamtegemea na ni saa ngapi nyumba yake haina mtu. Mkusanyiko mkubwa wa taarifa za aina hii, unaochambuliwa na kompyuta kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuifikia, ndio unaoitwa data kubwa.

Wapo wanaoamini kuwa majina yakiondolewa, faragha imehifadhiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulitia shaka imani hiyo. Watafiti walichambua kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 wa nchi moja ya Ulaya, zilizokusanywa kwa miezi 15 na kuondolewa majina. Walibaini kuwa kujua mahali na saa alipokuwapo mtu mara nne tu kunatosha kumtofautisha na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Mwenendo wa mtu, kwa maneno mengine, unamtambulisha karibu sawa na alama za vidole vyake.

Kwa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu Januari 20, 2020, ilipoanza hatua ya kufunga laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole, namba ya simu imefungamana na kitambulisho cha Taifa. Hatua hiyo ililenga kupunguza utapeli na kurahisisha utambuzi wa wateja. Vilevile, ina maana kuwa anayeishika namba yako ameshika ncha ya uzi unaofika mbali.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuielezea data kubwa kama adui. Mwaka 2009 watafiti wa malaria walitumia kumbukumbu za simu zilizoondolewa majina kuchunguza safari za wakazi wa Zanzibar. Walibaini kuwa safari nyingi zilikuwa fupi na za kwenda Dar es Salaam, na kwamba wasafiri wachache waliokaa muda mrefu katika maeneo yenye maambukizi mengi ndio waliokadiriwa kurudi na sehemu kubwa ya vimelea. Kwa nchi inayotaka kutokomeza malaria visiwani, maarifa hayo yanasaidia kuamua wapi pa kuelekeza vipimo na dawa. Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia kumbukumbu za simu za watumiaji karibu milioni 15 kwa lengo kama hilo.

Tofauti kati ya manufaa hayo na madhara haipo katika teknolojia, ambayo ni ileile. Ipo katika maswali matatu: nani amekusanya, kwa lengo gani, na je, lengo hilo limebaki lilelile baada ya taarifa kupatikana?

Mikopo ya mtandaoni imeyaweka maswali hayo mlangoni kwa wananchi wengi. Mtu mwenye shida ya haraka, pengine ada ya mtoto au gharama za matibabu, hupakua programu tumizi inayoahidi fedha ndani ya dakika chache bila dhamana. Kabla ya kumpa mkopo, programu humtaka aruhusu isome orodha ya majina yaliyomo katika simu yake, ujumbe mfupi au picha. Naye, akiwa na haraka, hubonyeza "Ruhusu". Siku ya kulipa ikipita, simu na ujumbe wa vitisho huanza kuwafikia watu wasiohusika: shemeji, mwajiri, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, hata fundi aliyewahi kutengeneza bomba la nyumba. Wote huelezwa kuwa fulani ni mdaiwa sugu.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, nacho hakizungumzwi vya kutosha. Mkopaji alibonyeza kitufe kwa hiari, japo hiari ya mtu aliyebanwa na shida. Lakini shemeji hakubonyeza chochote. Mwajiri hakusoma masharti yoyote. Namba zao zilichukuliwa bila wao kuulizwa, kwa sababu tu waliaminiwa na mtu mmoja. Dhamana ya mkopo uliotangazwa kuwa hauna dhamana ilikuwa heshima ya mkopaji mbele ya watu wake, na namba za watu hao ndizo zilizotumika kuivunja heshima hiyo. Wanaosema faragha ni hiari ya mtu binafsi hawajaitazama orodha ya majina iliyomo katika simu zao wenyewe.

Serikali imechukua hatua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu tumizi 69 zilizokuwa zikitoa mikopo bila leseni wala idhini, na kuwatahadharisha wananchi wasizitumie. Mwongozo wa Benki Kuu wa mwaka huohuo kwa wakopeshaji wa kidijitali unagusa uwazi wa riba na tozo, mbinu za kudai madeni na utunzaji wa taarifa za wateja.

Msingi wa kisheria ni mpana zaidi. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Haki hiyo ilipewa utaratibu wa utekelezaji kupitia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia sheria hiyo, ilizinduliwa rasmi na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024.

Sheria inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi, zisizidi kiasi kinachohitajika, ziwe sahihi na zitunzwe kwa usalama. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa na Tume. Miamala ya fedha, taarifa za afya, taarifa za watoto na alama za kibayolojia zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, linalohitaji ulinzi wa ziada. Mwananchi naye ana haki ya kujua taarifa zake zilizopo, kutaka zirekebishwe au zifutwe, kupinga matumizi yanayomletea madhara na kudai fidia.

Kwa kipimo hicho, mkopeshaji anayesoma orodha nzima ya majina ili kumkopesha mtu mmoja amekwisha kuvuka mpaka kabla hata hajamtisha yeyote, kwa kuwa amechukua zaidi ya anachohitaji. Aidha, shemeji aliyepigiwa simu ana haki zake mwenyewe za kulalamika Tume. Hamhitaji mkopaji amlalamikie.

Uzoefu wa Kenya unaonesha kuwa sheria za namna hii hupata nguvu wananchi wanapozitumia. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari kwa taarifa binafsi haikufanyika kwanza. Septemba 2023, kufuatia malalamiko ya wananchi, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya Shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kupitia watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Uamuzi wa kwanza uliikumba Serikali yenyewe, na wa pili kampuni binafsi.

Funzo hilo lianzie katika ofisi zetu za umma, kwa kuwa sheria ya Tanzania haikuandikwa kwa ajili ya kampuni pekee. Daftari la wageni lililoachwa wazi mapokezini ni hifadhidata isiyo na mlinzi. Mgeni wa kumi anasoma namba za simu za wageni tisa. Nakala za vitambulisho vya Taifa zinazodaiwa kwa kila huduma, kisha kurundikwa katika maboksi au kuishia kufungia vitafunwa, ni uvujaji usiohitaji kompyuta. Kabla ya kuomba taarifa, mtumishi ajiulize itatumika kwa kazi gani, nani ataiona na itaharibiwa lini. Asipopata jibu, asiiombe.

Kwa upande wake, mwananchi anaweza kuanza na mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wake. Afungue mipangilio ya simu na kuangalia ni programu zipi zilizoruhusiwa kusoma majina, mahali alipo na ujumbe mfupi, kisha aondoe ruhusa zisizohusiana na huduma anayoipata. Programu ya tochi haihitaji majina ya ndugu. Kabla ya kukopa, ahakikishe mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Akidhalilishwa, atunze ujumbe na namba zilizotumika, kwa maana malalamiko yenye ushahidi hushughulikiwa kwa urahisi zaidi.

Katika mila zetu, mgeni hapiti hadi chumba cha ndani bila kukaribishwa, na hodi isiyojibiwa mara tatu humrudisha alikotoka. Simu imekuwa chumba cha ndani ambacho ndani yake hukaa familia nzima, marafiki na majirani. Anayebonyeza "Ruhusu" anafungua mlango kwa niaba ya wote hao. Kabla ya kubonyeza, ni vyema akumbuke kuwa hao hawajasikia hodi.